Kamera ya Mbao Iliyokwama: Namna ya Kuirudishia Mwendo Wake

Kila sehemu inayoteleza katika kamera ya mbao ya zamani ina wajibu wa namna mbili, ambao kwa mtazamo wa kwanza huonekana kupingana: sharti itembee mkono unapoitaka itembee, na sharti isimame palepale ilipoachwa mkono unapoondoka, isishuke kwa uzito wa lenzi wala isiache ufa wa kupitisha nuru. Mtu anayeirithi kamera ya namna hii, au anayeinunua mnadani, aghalabu huukuta wajibu wa kwanza umeshindikana, na kwa shauku yake ya kuurudisha akauharibu wa pili. Huipaka mafuta, huikwangua kwa msasa, hufurahi kuona ubao unakwenda bila ya kizuizi, kisha baada ya miezi michache hugundua ya kuwa ubao wa lenzi hausimami tena na kila picha imeingiwa na ukungu wa nuru. Makala haya yamekusudiwa kumwonyesha msomaji njia ya kuurudisha mwendo bila ya kuupoteza utulivu, na shauri lake kubwa ni moja tu: sababu itafutwe kabla ya dawa.

Kuteleza ni katika asili ya chombo hiki. Kamera ya kwanza kutengenezwa kwa biashara, ile ya Alphonse Giroux wa Paris ya mwaka 1839, iliyofuata uvumbuzi wa Daguerre, ilikuwa masanduku mawili ya mbao, moja likiingia na kutoka ndani ya jingine ili taswira ipate kukaa wazi juu ya kioo. Mafundi waliokuja baadaye waliunganisha mbele na nyuma ya kamera kwa mvukuto wa ngozi, lakini hawakuacha kutumia mbao zinazoteleza: kitako kilirefushwa kwa reli yenye meno, ubao wa mbele ukapandishwa na kushushwa, na kioo chenye dawa kikafichwa nyuma ya kilango chembamba kinachovutwa. Frederick Sanderson wa Cambridge, ambaye kazi yake ilikuwa useremala na uchongaji wa mbao na mawe, alipata mwaka 1895 hati ya kulinda uvumbuzi wake wa mikono ya shaba yenye mianya, iliyouwezesha ubao wa mbele kupanda na kuinama kwa uhuru mkubwa. Na kampuni kama Thornton-Pickard, iliyoanzishwa Manchester mwaka 1888, na Lancaster ya Birmingham, zilisambaza duniani kamera nyingi za mahogani na shaba. Zile zilizokusudiwa nchi za joto zilifanywa aghalabu kwa msaji, na pembe zake zikafungwa kwa vipande vya shaba na parafujo, kwa kuwa gundi ya ngozi za wanyama iliyotumika zamani hulegea penye joto na unyevu. Wala pwani yetu haikuwa ngeni kwa vyombo vya zama hizo: studio za Gomes na Coutinho zilikuwa zikipiga picha Unguja tangu karne ya 19, wakati kioo chenye dawa kilipokuwa ndiyo desturi ya kazi.

Sababu za kukwama ni nne kwa jumla, na mara nyingi mbili au tatu hukutana katika kamera moja. Ya kwanza ni unyevu. Mti hata ukikatwa miaka 120 iliyopita na kupakwa vanishi tabaka juu ya tabaka, hauachi kunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Nao hutanuka kwa upana, kukata nyuzi zake, ilhali kwa urefu haubadiliki kwa kadiri ya kuonekana. Ubao wa upana wa sentimita 20 waweza kuongezeka milimita 1 au zaidi baina ya msimu mkavu na msimu wa mvua, na nafasi aliyoiacha fundi kati ya ulimi wa ubao na mfereji wake aghalabu ni ndogo kuliko hiyo. Ya pili ni uchafu: nta iliyozeeka, mafuta waliyopaka wenyewe waliotangulia, vumbi na jasho la mikono, vyote vikiungana kuwa utomvu mweusi usiokauka. Ya tatu ni shaba, ambayo huota kutu ya kijani, au reli yake hupinda, au parafujo moja hulegea na kuchomoza kiasi cha unywele tu, na unywele huo ukatosha kulizuia sanduku zima. Ya nne ni umbo: gundi imeachia, pembe imefunguka, na fremu iliyokuwa mraba sasa imekwenda upande.

Namna ya kukwama ndiyo shahidi wa sababu yake. Kamera inayogoma wakati wa masika na kutembea vizuri kiangazi ina unyevu, wala haina ugonjwa mwingine. Ile inayokataa mwanzoni, kisha ikalegea baada ya kutembezwa mara chache, na kesho yake ikakataa tena, imeshikwa na uchafu unaonata. Inayosimama mahali pamoja, palepale kila mara, na sauti ndogo ya kukwaruza ikasikika, itazamwe shaba na parafujo zake. Na ile ambayo upande mmoja hutangulia na mwingine hubaki nyuma imeharibika umbo, au reli zake mbili haziendi sambamba. Kabla ya yote hayo, hakikisha kwamba haikufungwa kwa makusudi, kwa maana kamera hizi zina vikaza vidogo vya shaba chini ya kitako na ubavuni mwa ubao wa mbele, na si mara moja mtu amevunja ulimi wa ubao kwa kulazimisha kitu ambacho kilihitaji tu kulegezwa kikaza kwa nusu mzunguko.

Ukitaka kupajua mahali penyewe panapobana, chukua karatasi nyembamba ya kusokotea sigara, uipenyeze katika mwanya ulio baina ya ubao na mfereji wake, kisha uivute polepole kutoka mwisho hadi mwisho. Karatasi itapita bila ya taabu mahali penye nafasi, itasita mahali penye msuguano, na itachanika mahali ambapo mbao mbili zimeshikana. Nawe utie alama kwa kalamu ya risasi pembeni, upande usioonekana. Fanya hivyo pande zote mbili, maana palipobana huku huenda pamesababishwa na pengo la kule. Ikiwa karatasi haipiti popote, paka chaki kidogo ukingoni mwa ulimi, utembeze ubao kwa kadiri utakavyokubali, kisha uutoe uutazame: palipofutika chaki ndipo palipobana. Kipimo hiki ni cha mbao za nje tu. Ndani ya mvukuto na ndani ya sanduku la kioo chaki isiingie, kwa sababu vumbi lake litakwenda kukaa juu ya kioo na kuacha vidoa katika kila picha.

Wakati wa kuutembeza ubao uliokwama usiusukume kwa kidole kimoja wala katikati. Weka vidole gumba viwili karibu na mifereji, kimoja kila upande, uvisukume kwa nguvu zilizo sawa. Ubao ukisukumwa upande mmoja hugeuka kidogo na kujifunga wenyewe, kama afanyavyo mtoto wa meza avutwapo kwa pembe moja. Ikiwa haukubali, uache. Mbao hizi ni nyembamba, na ndimi zake huenda zikawa na unene wa milimita 3 tu. Ulimi ukikatika hakuna fundi atakayeurudisha usionekane.

Ikiwa dalili zimeonyesha unyevu, dawa yake ni wakati. Iondoe kamera ukutani na sakafuni, uiweke kabatini penye hewa ya wastani pamoja na pakiti za chembechembe zinazonyonya unyevu, uifungue mvukuto wake kidogo ili hewa izunguke, kisha ungojee kwa wiki kadhaa, kwa maana mti hautoi ulichokunywa katika siku moja. Nusu ya unyevu ambao hewa inaweza kuubeba, yaani kiasi cha asilimia 50 katika kipimo cha hewa, ni hali inayozifaa mbao na ngozi pia. Hadhari na jua la mchana, na jiko, na mashine ya kukaushia nywele: joto la ghafla hukausha uso wa ubao kabla ya moyo wake, ubao ukapinda au ukapasuka, gundi ya kale ikalainika, na ngozi ya mvukuto ikakakamaa na kuvunjika katika mikunjo yake. Kwa wale waliochukua kamera kutoka Mombasa au Unguja kwenda kuishi katika nyumba zinazotiwa joto wakati wa baridi, kama zilivyo Uingereza au Kanada, mambo hugeuka: ubao hunywea, nao utacheza ndani ya mfereji wake, wasiharakishe kuujaza kwa vipande vya kitambaa, kwani majira ya joto ya huko yakifika ubao utatanuka na kukwama juu ya kitambaa hicho.

Ikiwa dalili ni za uchafu, anza na brashi kavu yenye nywele laini, uondoe vumbi kutoka mifereji yote, kisha utumie kijiti chenye pamba kilicholoweshwa kidogo mno kwa tapentaini ya madini au kwa mafuta mepesi ya kujazia viberiti, ukikipitisha mferejini na kukibadilisha mara kitakapogeuka rangi ya kahawia. Endelea hata pamba itoke karibu safi kama ilivyoingia. Mafuta haya huyeyusha nta na mafuta ya zamani, lakini kwa kawaida hayaidhuru vanishi ya lakiri ambayo ndiyo pambo la kamera nyingi za zama hizo; hata hivyo jaribu kwanza mahali pa siri, chini ya kitako au nyuma ya ubao wa lenzi. Spiriti usiitumie kamwe, kwa kuwa lakiri yenyewe iliyeyushwa kwa spiriti ilipopakwa, nayo itayeyuka tena, ukabaki na alama nyeupe na utomvu mpya mbaya kuliko ule wa kwanza. Maji nayo ni adui wa mbao na wa gundi. Fanya kazi dirisha likiwa wazi, pasiwe na moto karibu, na pamba zilizotumika zitupwe nje zisirundikwe chumbani.

Hapo tumefika penye jambo ambalo watu wengi hulianza nalo, yaani kulainisha. Mafuta ya nazi, mafuta ya kupikia, mafuta ya cherehani na yale ya kupuliza kutoka makopo, yote yanafanana kwa tabia moja: siku ya kwanza hufurahisha, kisha huingia ndani ya nyuzi za mti, ukavimba, hukamata vumbi, hugeuka utomvu, na mengine husambaa hadi kwenye lenzi na ngozi. Ubao ulionyweshwa mafuta haushiki gundi tena kwa urahisi, hata siku ya kutengenezwa kwake ikifika fundi atalaumu mkono uliotangulia. Sabuni kavu, waliyozoea baadhi ya maseremala kuipaka katika meza na makabati, huvuta unyevu na kuila shaba iliyo jirani. Nta ya nyuki, kwa jinsi ilivyo nzuri kwa kung'arisha, ni laini na hunata katika joto letu, kwa hiyo haifai peke yake katika mifereji.

Kinachofaa ni kitu kikavu na kigumu, na kwa bahati njema hakina gharama: mshumaa wa kawaida mweupe, uliofanywa kwa nta ya parafini. Usugue ukingo wa ulimi kwa ncha ya mshumaa, mara moja kwenda na mara moja kurudi, kisha uchukue kitambaa cha pamba usugue kwa nguvu hata ukingo uwe na mng'ao hafifu na kucha yako isiweze kukwangua nta yoyote juu yake. Nta inayoonekana kwa macho ni nta iliyozidi. Itasukumwa na ubao hadi mwisho wa mfereji, nayo itakaa huko ikikusanya vumbi. Baadaye utembeze ubao mara kumi au zaidi, uutoe, ufute kilichosukumwa, na kwa kawaida hapo kazi ya mbao imekwisha. Unga wa kalamu ya risasi nao hulainisha vizuri, lakini ni mweusi na hutembea. Uwekwe mbali na mvukuto na mbali na mahali pa kioo, na utumike pale tu ambapo shaba inasugua shaba.

Shaba ina adabu zake. Kabla ya kufungua parafujo yoyote, chora umbo la kitako juu ya karatasi ngumu, utoboe matundu mahali pa kila parafujo, na kila uitoapo uichomeke katika tundu lake, kwa sababu mafundi wa zamani waliziingiza kwa mkono moja moja, na parafujo ya tundu hili haikubali daima kukaa katika tundu lile. Bisibisi sharti ijaze mwanya wa kichwa kwa upana na kwa unene. Ikicheza, kichwa cha shaba kitaliwa. Parafujo iliyogoma iguswe kwa ncha ya chuma cha kulehemia kilichopata moto kwa nukta chache, kisha iachwe ipoe, na mara nyingi itakubali. Reli ya meno na kigurudumu chake visafishwe kwa mswaki wa zamani na mafuta yale mepesi, na kila jino litazamwe, maana punje moja ya mchanga katikati ya meno huweza kumfanya mtu adhani kitako kizima kimevimba. Hapa ndipo penye ruhusa ya mafuta ya cherehani: tone moja, lililochukuliwa kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, kwenye mhimili wa kigurudumu, wala si kwenye meno wala si kwenye ubao. Dawa za kung'arishia shaba zisitumike shaba ikiwa bado juu ya mbao, kwani huacha ukoko mweupe katika mianya na kuchafua vanishi ya jirani. Na ikiwa shaba ilipakwa lakiri kiwandani, nayo ingali imara, iache na rangi yake ya uzee.

Sanduku la kioo lahitaji uangalifu wa peke yake, kwa sababu ndilo linalolinda kioo chenye dawa na nuru, iwe ni kile cha nusu, chenye inchi 4¾ kwa 6½, au kile kizima chenye inchi 6½ kwa 8½. Kilango chake cha kuvuta ni ubao mwembamba uliounganishwa aghalabu kwa bawaba ya kitambaa ili ukunjike nyuma, na bawaba hiyo huoza kabla ya mbao. Usikivute kwa ghafla. Ukikivuta kwa ghafla, hewa itaingia na vumbi lake. Kingo zake zisuguliwe mshumaa kwa uchache kuliko sehemu zote nyingine, na poda ya aina yoyote isitumike. Mahameli yaliyowekwa mdomoni mwa sanduku ili kuzuia nuru yakiwa yamelala, yaamshwe kwa brashi kavu. Yakiwa yamepata upara, yabadilishwe kwa mahameli membamba ya namna ileile, kwa kuwa mahameli manene yatakibana kilango ukadhani mbao zimevimba.

Ikiwa yote haya yamefanywa na ubao bado unakataa, ndipo msasa ushikwe, na ushikwe kwa hofu. Bandu bandu huisha gogo. Usipunguze ubao wakati wa mvua hata mara moja, kwa sababu kile unachokiondoa leo kitakuwa pengo la kesho jua litakaporudi. Ngoja msimu mkavu, na ukiona unatembea wenyewe, basi hapakuwa na haja. Ukilazimika, punguza ulimi wa ubao unaotembea, usiuguse mfereji, kwa maana ubao unaotembea hufanywa upya kwa urahisi kuliko fremu nzima. Tumia msasa mwembamba kabisa uliozungushwa juu ya kipande cha mti kilichonyooka, upitishe mara mbili au tatu pale tu ilipochanika karatasi ya sigara, kisha ujaribu tena. Kwa upande wa fremu iliyokwenda upande, msasa hauisaidii kitu. Gundi ya zamani ilainishwe, pembe ifungwe tena katika mraba wake, na ubao ule uliokuwa umekwama utatembea bila ya kupunguzwa.

Kazi ikimalizika, fanya majaribio mawili. La kwanza, tia lenzi yako nzito kuliko zote, uupandishe ubao wa mbele hadi juu, uvikaze vikaza kwa kadiri ya kawaida, kisha uigongegonge miguu mitatu ya kamera kwa kiganja: ubao ukishuka wenyewe, umelainishwa kupita kiasi, nawe ufute nta kwa kitambaa chenye tapentaini. La pili, ingia chumba cha giza, uwashe tochi ndogo ndani ya kamera, uzifunge sehemu zote, na uizungushe pole pole mbele ya macho yako yaliyokwisha kuzoea giza; mstari wowote wa nuru kandokando ya ubao ni onyo kwamba filamu au kioo kitaharibika hapo. Majaribio haya yarudiwe mara mbili kwa mwaka, mwisho wa masika na katikati ya kiangazi, na katika nafasi hiyo kila sehemu itembezwe kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu chombo kinachoachwa bila ya kutembezwa hushikwa na vumbi na kutu upesi zaidi.

Wako watakaopendelea kuikabidhi kazi hii kwa fundi, nao hawakosei, mradi wamchague kwa busara: seremala aliyezoea fanicha za kale kwa upande wa mbao, na fundi wa saa kwa upande wa shaba ndogondogo. Lakini mwambie kwa maneno yaliyo wazi kabla hajashika randa au msasa: asipunguze mbao bila ya kukuuliza, asiondoe vanishi ya asili, asiweke parafujo ndefu kuliko iliyokuwepo, na asipake mafuta. Na vyote atakavyovifanya, au utakavyovifanya wewe, viandikwe juu ya kadi pamoja na tarehe, na kadi hiyo ihifadhiwe ndani ya mkoba wa kamera, ili atakayeipokea baadaye ajue nta ipi ilitumika na ubao upi ulipunguzwa, asianze uchunguzi wake gizani.